Mkono Uliofungua Boksi

Machi 3

Kwa shemeji yangu, Fundi Dishi,

Naandika kwa sababu mimi na simu tumeshindwana. Masikio yangu yaliliwa na mashine za kiwandani enzi zile nashona sare, na ukinipigia nasikia nusu, nusu nyingine naitunga mwenyewe. Mara ya mwisho tulipoongea nilidhani umesema umeuza kamera, nikakukatia simu kwa hasira, kumbe ulisema umeiunganisha. Karatasi angalau naisoma kwa wakati wangu. Boksi hili nimempa kondakta wa basi la asubuhi, na barua nimeilaza juu kabisa uisome kabla hujagusa kitu.

Ndani kuna sehemu yangu ya droni yetu. Fremu imekamilika, mikono yote minne imekaa sawa, na mwisho wa kila mkono nimefunga mota kwa skrubu nne. Skrubu zenyewe nimezifuta vumbi, nikazidondoshea tone la mafuta ya cherehani moja moja kama ilivyo ada yangu, kisha nikazikaza mpaka kifundo cha mkono kikauma. Kazi iliyobaki ni yako: kile kibao cha umeme tunachokiita ubongo, kamera, na betri. Wewe ni mtu wa nyaya, mimi ni mtu wa vyuma na nguo, kila mtu ashike pake.

Mguu unaendeleaje? Tangu uanguke kwenye lile paa ukiwafungia watu dishi, huu ni mwezi wa tatu sasa. Najua mfupa wa mtu mzima hauna haraka, lakini nao una mwisho wake.

Wasalimie wote hapo.

Shemeji yako,
Fundi Cherehani


Machi 9

Shemeji,

Boksi limefika na barua nimeisoma kabla ya kugusa kitu, kama ulivyoamuru. Hata jeshini hawaamrishi hivyo.

Nilifunga ubongo, kamera na betri, nyuki wetu, ndivyo ninavyoiita droni kwa mlio wake, akawekwa katikati ya uani, mimi nikakaa kitini na rimoti. Akapanda, shemeji. Akapita juu ya bati la jirani, mbwa wa jirani akabweka mpaka akaanza kukohoa. Nikajisemea, wateja wangu wangeniona leo wangenipa heshima yangu. Haikupita muda sauti ikabadilika, kama mtu anayesaga meno usingizini, na mota ya nyuma kushoto ikalala upande, ikabaki imening'inia kwenye waya. Nyuki akaja kutua ndani ya beseni la nguo, na maji yake na sabuni yake.

Nimemwanika juani, ubongo umepona. Lakini kwenye mota ile skrubu mbili hazipo kabisa, zimekwenda zinakojua, na mbili zilizobaki unazitoa kwa ukucha. Nikapapasa mota nyingine, nazo ni hivyo hivyo, zinacheza kama meno ya kitoto. Sasa nauliza kwa heshima zote za ushemeji: ulizikaza hizi skrubu, au uliishia kuzionyesha bisibisi?

Nakurudishia mzigo kwa basi, angalia mwenyewe. Mguu unaendelea hivyo hivyo. Dada yupo.

Wako,
Dishi


Machi 14

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili haikuwa tamu kuliko ya kwanza. Eti niliishia kuzionyesha bisibisi. Mimi nimefunga mashine zinazotikisa sakafu kutwa nzima, mstari mzima wa mashine, na hakuna mtu aliyewahi kuinama akaokota skrubu yangu chini.

Sikatai kwamba mota nne zikizunguka pamoja zina mtetemo wake, na mtetemo ni adui wa skrubu, hilo halihitaji shule. Kwa hiyo nimekwenda duka la vipuri vya pikipiki nikanunua gundi ya skrubu, ile ya bluu. Unaidondoshea kwenye meno ya skrubu, unafunga, inakauka humo ndani inaishika, na siku ukitaka kuifungua, bisibisi bado inaiweza. Nimeongeza na washa za springi, vile vipete vya chuma, chini ya kila kichwa cha skrubu. Zile mbili zilizopotea nimezirudishia mpya, nikazipaka mafuta, nikazitia gundi pamoja na wenzao. Chupa ya gundi na skrubu za akiba nimekuwekea pembeni. Muuza duka ameniambia pikipiki zinapigwa na barabara mbovu mwaka mzima na gundi hiyo haiachii. Kwa hiyo tuelewane mapema. Ikilegea tena, basi haikulegea yenyewe, imelegezwa.

Halafu umeandika "Dada yupo." Barua nzima ya mbwa na mabeseni, na dada yako, mke wangu, maneno mawili. Yupo vipi? Siulizi kwa ubaya. Alikuja kukuuguza na kuuguza ndugu ni wajibu. Ila alipotoka hapa alibeba sweta zito na viatu vyake vya kutokea, na sijawahi kusikia mtu anamuuguza mgonjwa kwa viatu vya kutokea. Nililiona hilo nikanyamaza, nikasema labda mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Na mguu umeupa maneno manne. Mguu ulioanguka paani unastahili zaidi.

Fundi Cherehani


Machi 21

Shemeji wangu mpendwa na mkali,

Nyuki ameanguka tena. Safari hii kwenye mchanga, ashukuriwe aliyeuweka mchanga pale.

Nianze na mazuri, kwa sababu nimefanya kazi na sifa sitaki kunyimwa. Picha ya kamera ilikuwa inatetemeka kama uji kwenye sahani, nyumba ya jirani unaiona inacheza. Nikachukua mapanga yote manne yanayozungushwa na mota, nikayapima moja moja kwenye sindano ya kufumia, na kweli, mawili yalikuwa na upande mzito. Nikabandika vipande vya selotepu upande mwepesi mpaka yakalala sawa. Kisha nikakata mpira wa tairi la baiskeli, nikautia chini ya ubongo, ili mtetemo wa mota usiufikie moja kwa moja. Picha sasa imetulia, nyumba ya jirani ni nyumba tena. Kwa hiyo mtetemo nimeupunguza zaidi ya nusu.

Sasa mabaya. Hata baada ya hayo yote, skrubu zimelegea. Nilipozitoa, gundi yako nimeikuta mbichi. Siku tano imekaa humo na bado inateleza, vidole vyangu vimekuwa vya bluu kama nimepiga kura. Ama muuza duka wako amekuuzia maji ya rangi, ama wewe umeniambia ni gundi ili nikae kimya. Nisamehe, nimelala na wazo hilo na limekataa kutoka. Nimeanza kujiuliza kama wewe unataka nyuki huyu aruke kweli. Maana akiruka kazi imekwisha, na hutakuwa na kisingizio cha kuniandikia kila wiki kuniuliza habari za mguu kama daktari aliyetumwa.

Viatu vya watu usinihesabie mimi. Dada yupo, anakula, anafua, analala. Akitaka kukueleza zaidi, kuandika anajua.

Mzigo unarudi na basi lile lile.

Dishi


Machi 26

Shemeji,

Droni hii hapa. Nimekaza upya, gundi mpya kutoka chupa mpya, duka jingine. Juu ya bamba linalofunika ubongo nimeshona kifuniko cha turubai kuzuia vumbi, mshono wa mkono, uzi wa nta. Usikifungue.

Ninachoomba ni kimoja. Irushe mara moja, ishushe, kisha nirudishie kama ilivyo. Usikaze, usilegeze, usiguse skrubu hata moja.

Kondakta ameniambia jambo. Anasema boksi lililopita lilipokelewa na mwanamume aliyefika kituoni kwa miguu yake, akaruka mtaro, akalitia boksi kwapani akaondoka anapiga mluzi. Nikamuuliza, hakuwa na magongo? Akaniuliza, magongo ya nini?

Nakusikiliza.

Fundi Cherehani


Aprili 1

Shemeji,

Kondakta anaonana na watu mia kwa siku na wote kwake wanafanana. Na mluzi si dalili ya kupona, hata mgonjwa ana midomo.

Nyuki ameruka. Nilimsikia sauti inaanza kubadilika nikamshusha mwenyewe kabla hajajiangusha. Sijakaza, sijalegeza, sijagusa, kama ulivyoagiza bwana mkubwa. Huyo anarudi.

Mguu una siku zake.

Dishi


Aprili 5

Shemeji,

Sasa tuongee kama watu wazima.

Kabla sijafunga boksi lile nilipiga mstari mwembamba wa rangi nyekundu kwenye kila skrubu, nusu ya mstari juu ya kichwa cha skrubu, nusu juu ya chuma cha pembeni yake. Ni rangi ya kucha, iliachwa kwenye droo ya kabati letu. Skrubu ikikaa ilivyofungwa, mstari unabaki mmoja. Ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika na nusu mbili hazitazamani tena. Leo nimefungua boksi, nimevaa miwani, nimekwenda nayo dirishani kwenye mwanga. Mota zote nne, mistari imekatika. Gundi mpya, washa za springi, mapanga yamesawazishwa, mpira umewekwa, mtetemo wewe mwenyewe umekiri umepungua. Na bado zimezunguka. Mimi najua kufunga, gundi inajua kushika, amebaki mtu. Mkono uliofungua boksi ndio mkono uliolegeza.

Kwa nini? Nimelifikiria hilo nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kitandani, nikiwa napasha chai ya mtu mmoja. Unataka nionekane fundi mbovu mbele ya dada yako. Kila droni ikianguka mnacheka wawili uani: mume gani huyu, hata skrubu imemshinda. Na mtu akishamcheka mumewe mara tatu, ya nne harudi kwake. Mguu wako umepona. Unaruka mitaro. Unamweka mke wangu hapo kwa jina la ugonjwa usiokuwepo, na mimi nilikuwa nakutumia vipuri. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nguo nazijua.

Droni ibaki huku. Mrudishe mke wangu.

Fundi Cherehani


Aprili 9

Shemeji,

Nilikuwa nikikuandikia kwa utani kwa sababu nakupenda. Leo utani sina.

Mstari wako wa rangi niliuona tangu siku boksi lilipofika. Nikauelewa. Nikasema, basi, huyu mtu ananitega mimi kama panya. Nikairusha droni nikairudisha bila kuigusa, nikidhani utaona ukweli na aibu itakushika. Kumbe nyani haoni kundule.

Chukua mkasi. Kata kile kifuniko cha turubai ulichoshona kwa mkono wako, na uzi wako wa nta. Kabla hujakata, kagua mshono, uniambie kama kuna aliyeufumua akaushona tena kwa mkono kama wako. Hayupo, mkono wako tunaujua. Kisha ng'oa bamba. Chini yake kuna skrubu zinazoshika mikono ya droni, na nina hakika nazo umezipiga mistari, maana wewe hukubali kazi nusu. Ziangalie hizo. Kama nazo zimezunguka, niambie nilizifikiaje. Au nafuga jini mwenye bisibisi?

La mguu. Kweli, umepona. Plasta ilitolewa mwisho wa Februari. Nilikudanganya kwa sababu dada aliniomba nisiseme, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Wewe nyamaza tu kwanza." Yeye ni dada yangu mkubwa, aliyeniogesha na kunipeleka shule. Nikanyamaza.

Na la mwisho, hili lisome polepole. Mkono uliofungua boksi si wangu. Mimi nalitoa kituoni, nalileta mpaka mlangoni, basi. Anayelifungua ni dada, mara zote tatu. Ananipokonya kabla sijavua viatu, hanipi nafasi ya kukata hata kamba. Barua zako zote yeye ndiye wa kwanza kuzisoma, kwa kuwa uliziweka juu kabisa. Hata hii ya juzi iliyokuja bila boksi aliiwahi yeye, akaisoma amesimama. Kisha akaikunja, akanipa, akaingia ndani.

Dishi


Aprili 10

Baba watoto,

Kaka amesema atakuandikia mwenyewe na ameshaandika. Haya ni yangu.

Nianze na skrubu, kwa kuwa ndizo unazozijali. Unatia mafuta. Miaka yote hii unatia mafuta kila kitu kilicho na chuma: bawaba, mkasi, kufuli, hata zipu ya pochi yangu, nikaharibu nayo gauni jeupe. Nilipofungua boksi la pili nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani kabla sijaona droni. Sikusema kitu, sikuwa nimeulizwa. Lakini jana baada ya kusoma barua yako nilichukua skrubu za akiba mbili. Moja nikaifuta vizuri kwa spiriti mpaka ikakauka, nyingine nikaiacha na mafuta yako. Zote nikazitia gundi ile ile, nikazifunga kwenye nati. Leo kaka ameing'ang'ania ile kavu mpaka uso umemwiva. Ile ya mafuta nimeitoa mimi kwa vidole viwili. Bandika plasta kwenye ngozi iliyopakwa mafuta uone kama itashika. Ni hivyo tu. Hakuna aliyekuchezea. Kwenye cherehani mafuta ni uhai, kwenye droni ndiyo yaliyokuwa yakizifungua skrubu zako, na wewe ulikuwa unazipaka kwa mapenzi kabisa.

Sasa mengine. Sweta nilibeba kwa sababu huku kuna baridi, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Viatu vya kutokea soli ilikuwa imeachia na fundi viatu mzuri yuko mtaa wa kaka. Vimeshatengenezwa, viko chini ya kitanda. Ungeniuliza siku ile ningekujibu nikiwa bado nafunga begi.

Siku ninaondoka ulikuwa umeinamia meza unapima mkono wa droni. Nikasema naondoka. Nayajua masikio yako, kwa hiyo nikazunguka nikaja mbele yako, nikasema tena. Ukasema, "Haya." Kichwa hukuinua. Nilikaa njia nzima nalisikia hilo haya.

Plasta ya kaka ilipotolewa nilifunga begi siku hiyo hiyo. Kisha nikajiambia, ngoja. Ataandika. Hata mstari mmoja, hata aniulize chumvi iko wapi, nitarudi. Boksi la kwanza lilipokuja nilikata kamba mwenyewe, natafuta karatasi yangu. Nikakuta skrubu. La pili nikakuta skrubu na gundi. La tatu nikakuta skrubu zimepakwa rangi yangu ya kucha. Kwenye barua ya kwanza uliandika "Wasalimie wote hapo." Hapa tuko wawili. Mgonjwa umemtaja kwa jina lake, kwa hiyo mimi ndiye wote.

Nimeumia, sitakuficha. Umemuuliza kaka habari za mguu, umemuuliza kondakta habari za magongo, ukaziuliza mpaka skrubu. Mimi ambaye ni mke wako hujaniuliza kitu. Halafu ukaandika kwamba nakaa uani nakucheka. Kila nyuki huyo alipoanguka ni mimi niliyekimbia kumwokota, nikimpangusa mchanga kwa kanga yangu, kwa sababu nilijua aliyeshinda usiku akimkaza ni nani.

Mke wako


Aprili 14

Mke wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila nikianza naanza na skrubu. Hii ya sasa naianza na wewe.

Watoto walishahamia kwao, na wewe ukiwa huko nyumba imekuwa kubwa. Kula nakula kwenye meza ya kazi, kwa sababu meza ya chakula ina kiti chako. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa kuuliza. Mtu asiyeuliza haambiwi hapana. Nikaona bora nimuulize kaka yako habari za mguu, maana mguu ukipona utarudi, na nikisikia haujapona, basi kukawia kwako ni kwa ajili ya mguu, si kwa ajili yangu. Ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya. Kondakta aliponiambia mtu yule anaruka mitaro, hesabu ikaharibika, na badala ya kukuuliza wewe nikatafuta wa kumlaumu.

Siku ile nilikusikia. Mara zote mbili. Sikuinua kichwa kwa sababu ningekutazama ningekuomba usiende, na kaka yako alikuwa amelala na mguu uliovunjika, ningekuwa mtu wa namna gani. Nikasema haya. Lilikuwa neno baya kuliko yote niliyokuwa nayo na ndilo nililochagua.

Nimekata kifuniko. Mshono ulikuwa wangu, haukuguswa. Chini ya bamba mistari yote imekatika. Hapo nikajua kaka yako hakugusa kitu. Nimezifuta skrubu zote kwa spiriti, na vidole vyangu vilikuwa vinaifuata chupa ya mafuta vyenyewe, nikaiondoa mezani nikaiweka chini. Gundi imekauka. Nimejaribu leo asubuhi, hazitoki.

Tafadhali mpe shemeji asome kuanzia hapa. Shemeji, nilikuita mwongo na mwizi wa mke, nikakutega kama panya, kama ulivyosema. Nimekukosea na sina kisingizio. Nitakuja kukuambia hayo mbele yako, siku utakayotaka wewe, na kama utanifungia mlango nitayasemea nje. Mwisho wa sehemu yake.

Mke wangu, hili ndilo swali nililopaswa kukuuliza tangu Februari: utarudi? Kama ni ndiyo, sema lini. Kama ni hapana, niandikie wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Mumeo


Aprili 18

Baba watoto,

Barua yangu nimeipata. Kaka ameileta mpaka kwenye kiti nilichokaa, akasema, "Hii ina jina lako," akaenda kusimama uani muda wote niliokuwa nasoma. Sehemu yake nimempa. Ameisoma, akakuna kichwa, akasema mlango hatakufungia ila utakaa nje kidogo, ili majirani wakuone. Nadhani amekusamehe zaidi kuliko mimi.

Umeniuliza kama nitarudi. Ndiyo. Nitapanda basi la Alhamisi asubuhi. Usije kituoni na maneno mazuri mbele ya watu, nitayachukia bure. Kaa nyumbani, nitafika mwenyewe, begi si zito.

Ila ujue nakuja na hasira yangu, sijaiacha huku. Uliniambia hesabu uliyokuwa ukiifanya na nimeielewa, na kuielewa hakujaniondolea maumivu. Unaweza kunikuta kimya siku mbili tatu, niko jikoni, nimekupa mgongo. Hapo usianze kuchunguza, usihesabu nilichobeba wala nilichorudi nacho, usimuulize jirani wala kondakta nina nini. Njoo ukae, uniulize mimi. Nitakujibu, hata kama jibu lenyewe hutalipenda.

Mkeo